Jinsi ya kuboresha lishe ya punje ya ngano kwa njia ya jeni bila kudanganywa na namba za maabara

Watu wengi wakisikia ngano yenye lishe swali la kwanza ni jeni ipi, na ukiwatajia tu jina la jeni wanataka kuagiza mbegu waanze kukrosi, yaani kuchavusha mmea mmoja kwa chavua ya mwingine, wiki hiyohiyo. Taratibu kwanza. Kabla ya jeni kuna swali la nani atakula hiyo ngano na ataila vipi, unga wa punje nzima au ule mweupe uliotolewa pumba, manake hapo ndo kazi ya miaka mingi inaweza kuishia yote kwenye gunia la pumba na hakuna mtu aliyeila.

Punje ya ngano ukiipasua, endospamu, yaani ile sehemu nyeupe ya ndani iliyojaa wanga, ni karibu asilimia 80 hadi 85 ya uzito. Kiini ni asilimia 2 au 3 tu. Kinachobaki ni maganda pamoja na aleuroni, ambayo ni safu moja tu ya seli inayoizunguka endospamu, na mashine ya kusaga unga mweupe inaitoa pamoja na pumba. Sasa zinki na chuma kwa sehemu kubwa zimekaa humo kwenye aleuroni na kwenye kiini. Kwa hiyo mtu anaweza kuzalisha mbegu yenye zinki nyingi kweli, maabara ikathibitisha, alafu mlaji wa unga mweupe asipate kitu cha maana. Protini haina shida hiyo sana kwa sababu gluteni yote iko kwenye endospamu, na wanga ndo kabisa upo hapo. Andika lengo lako kwa sentensi moja, kirutubisho gani, sehemu gani ya punje, kiasi gani. HarvestPlus kwa mfano, mpango wa kuzalisha mazao yenye lishe zaidi, walifanya hivo kwa zinki, walianzia kwenye kiwango cha kawaida cha miligramu 25 kwa kilo wakalenga kuongeza 12, yaani kufika 37. Namba moja inayoeleweka, sio "kuboresha lishe" hewani hewani.

Na ujue pia vitu ambavyo jeni haitakusaidia sana. Seleniamu kwenye ngano inategemea udongo kuliko mbegu, ndo maana Ufini kuanzia miaka ya 1980 waliamua kuiweka kwenye mbolea badala ya kuhangaika na uzalishaji wa mbegu. Kama lengo lako ni seleniamu, nenda kaongee na watu wa mbolea.

Kwanza elewa una jenomu tatu, sio moja

Ngano ya mkate ina kromosomu 42 zilizotoka kwa mababu watatu, kila mmoja na jenomu yake, yaani seti yake nzima ya DNA, tunaziita A, B na D, ndo maana tunaandika AABBDD. Ngano ya durum, ile ya tambi, ina 28 tu, AABB. Jenomu nzima ya ngano ya mkate ni kama herufi bilioni 16 hivi za DNA, zaidi ya mara tano ya binadamu, na ramani kamili yenye mpangilio wa jeni ilitoka 2018 kutoka kwa mbegu inayoitwa Chinese Spring, ikiwa na jeni zaidi ya laki moja. Hii ramani imebadilisha kazi kabisa, zamani ulikuwa unatafuta jeni kwa miaka, sasa unafungua tovuti ya Ensembl Plants unaandika jina unaona nakala zake zote ziko wapi.

Lakini kwa anayefanya uzalishaji jambo kubwa ni kwamba karibu kila jeni ina nakala tatu, ya A, ya B na ya D. Ni kama chumba chenye taa tatu, ukizima moja bado unasoma gazeti vizuri tu. Kwa hiyo jiulize mapema: ninachotaka ni kuongeza jeni inayofanya kazi, au ni kuzima jeni iliyopo? Kuongeza ni rahisi, nakala moja nzuri mara nyingi inatosha kuonyesha tofauti. Kuzima ni kazi, lazima uzime zote tatu, na hesabu yake ntaieleza chini kwenye wanga kwa sababu ndo mahali watu wanapokwama.

Pa kupata jeni nzuri

Mfano mzuri kuliko yote, na mimi naona kila anayeanza aujue kwa undani, ni jeni ya Gpc-B1. Ilipatikana kwenye ngano mwitu aina ya emmer iliyokusanywa Israeli, kwenye mkono mfupi wa kromosomu 6B. Mwaka 2006 watafiti Cristobal Uauy, Jorge Dubcovsky na wenzao walitangaza kwamba jeni yenyewe hasa ni NAM-B1, kazi yake ni kuamrisha majani yazeeke mapema na kuhamisha naitrojeni, zinki na chuma kutoka kwenye majani kwenda kwenye punje. Ngano nyingi za kisasa nakala yao ya B imeharibika, ama herufi moja ya DNA imeongezeka ikavuruga usomaji wote ama jeni nzima haipo. Walipozipunguza nguvu jeni za kundi hili kwenye ngano ya kawaida, majani yalichelewa kukauka kwa zaidi ya wiki tatu na protini, zinki na chuma kwenye punje zikashuka kwa zaidi ya asilimia 30. Kwenye durum kurudisha kipande chenye jeni nzima kuliongeza protini karibu gramu 14 kwa kila kilo ya punje.

Kinachonifurahisha kwenye hii hadithi ni kwamba jeni yenyewe haigusi punje. Inafanya kazi kwenye jani. Wanaotafuta lishe kwa kuangalia punje peke yake wangeipita bila kuiona.

Baadae watafiti walipopima mbegu za zamani zilizohifadhiwa, ikaonekana nakala nzima bado ipo kwenye baadhi ya ngano za asili za nchi za Skandinavia, kwa hiyo sio lazima uende mpaka kwenye ngano mwitu. Na hapa ndo ushauri wangu: usikrosi na emmer mwitu kama kuna mtu ameshakufanyia hiyo kazi. Emmer ina AABB, ukiikrosi na ngano ya mkate unapata mmea wenye kromosomu 35, rutuba yake mbovu, masuke yanavunjika yenyewe, punje hazitoki kwenye maganda, utatumia vizazi vingi kusafisha takataka. Chukua mbegu ambayo tayari ni ngano ya mkate na ina jeni, kwa mfano Lillian ya Kanada inayo Gpc-B1 na imeshalimwa na wakulima kwa eneo kubwa.

Vyanzo vingine: ngano za kutengenezwa, zile ambazo wataalamu wanakrosi durum na nyasi inayoitwa Aegilops tauschii, wanaokoa kiinitete maabara alafu wanaongeza kromosomu mara mbili kwa kolchisini, CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano kule Meksiko, wamezitumia sana kwenye zinki. Kuna ngano ya spelta. Kuna mkusanyiko wa A. E. Watkins wa miaka ya 1920 na 1930, ngano za asili zaidi ya 800 kutoka nchi nyingi, uko Uingereza kwenye kituo cha utafiti cha John Innes Centre, na sasa hivi DNA yake imeshasomwa. Na kuna mbegu zilizopigwa kemikali ili zipate mabadiliko ya jeni, Cadenza kwa ngano ya mkate na Kronos kwa durum, ambazo tangu 2017 unaweza kutafuta kwenye kompyuta mmea upi una jeni yako imevunjika wapi alafu ukaomba mbegu zake. Kwa anayetaka kuzima jeni bila kugusa CRISPR, ile mbinu ya kuhariri DNA maabara, hiyo ndo njia fupi zaidi. Tahadhari moja tu, kila mmea wa hizo mbegu umebeba maelfu ya mabadiliko mengine usiyoyataka, kwa hiyo ukrosi tena na mzazi ambaye hakupigwa kemikali angalau mara mbili kabla hujasema chochote kuhusu mavuno au lishe.

Zinki ni kesi nyingine. Hakuna jeni moja ya zinki, kuna maeneo mengi kwenye kromosomu tofauti, kila moja inachangia kidogo kidogo, na mazingira yanaingilia. Hapo huwezi kufuata alama moja ya DNA, yaani kipande kinachokuonyesha jeni ipo au haipo, unatumia uteuzi wa jenomu nzima, yaani unapima mistari (makundi ya mimea ya uzao mmoja) mia kadhaa DNA na zinki, unaipa kompyuta ijifunze, alafu inakutabiria watoto wapi wazuri hata kabla hawajatoa suke. Kwa njia ya kukrosi na kuchagua ya kawaida zimetoka mbegu kama Zincol 2016 ya Pakistani na BARI Gom 33 ya Bangladeshi ambayo ilitoka 2017, na hii ya pili ilipendwa kwa sababu inahimili pia ugonjwa wa blasti wa ngano. Mkulima hachukui mbegu kwa ajili ya zinki asiyoiona kwa macho, anachukua kwa mavuno na kuhimili magonjwa, lishe inapanda humohumo kama abiria.

Kukrosi kwenyewe

Ngano inajichavusha yenyewe kwa hiyo lazima uhasi. Chagua suke ambalo limetoka au linakaribia kutoka kwenye ala ya jani na vifuko vya chavua bado vya kijani, vikishaanza kuwa vya njano umechelewa. Kila ua lina vifuko vitatu, toa vyote kwa kibano bila kuvipasua, yale maua madogo ya katikati ya kila kishada yang'oe kabisa, alafu funika suke kwa bahasha ya karatasi uandike tarehe na majina ya wazazi kwa penseli, wino unafutika. Siku mbili tatu baadae ukiona stigma, ile sehemu ya ua inayopokea chavua, imefunguka kama manyoya leta chavua mbichi ya baba. Mazoezi tu, mtu akizoea anapata punje nyingi kwa suke moja.

Kwa Gpc-B1 unafanya krosi ya kurudia. Kizazi cha kwanza unakrosi mbegu yako bora na yenye jeni, alafu kila mtoto mwenye jeni unamrudisha kwa mbegu bora. Nusu ya watoto kila kizazi watakuwa nayo, unawajua kwa kukata kipande cha jani wakiwa wachanga na kupima DNA kwa alama ya KASP, aina ya kipimo cha maabara, wengine unawatupa mapema. Kurudishia mara moja unakuwa na wastani wa asilimia 75 ya mzazi bora, mara mbili 87.5, mara tatu karibu 94. Mimi naona tatu zinatosha kama una alama za DNA za jenomu nzima za kuchagulia, kama huna endelea mpaka tano. Mwisho unaacha mmea ujichavushe na kuchagua wale wenye jeni pande zote mbili.

Ukitaka haraka, kuna mbinu ya kukuza ngano ya majira ya kuchipua kwa mwanga wa saa 22 kwa siku, unapata mpaka vizazi sita kwa mwaka. Ngano ya majira ya baridi lazima kwanza ikae kwenye ubaridi wiki kadhaa kwa hiyo hesabu inapungua. Ila punje zilizotoka kwenye chumba cha namna hiyo usizipime lishe, mmea umekaa kwenye chungu kidogo, umeharakishwa, umelishwa mbolea ya maji, namba ya zinki utakayopata haina maana yoyote shambani. Chumba cha mwanga ni cha kuvusha vizazi tu.

Sasa kuna jambo linalochanganya hata watu wenye digrii zao. Punje moja ina sehemu za vizazi viwili. Ganda la nje ni tishu ya mama tupu. Kiini ni mtoto, nusu mama nusu baba. Endospamu na aleuroni zina seti mbili za mama na moja ya baba. Kwa hiyo rangi ya zambarau, ambayo iko kwenye ganda, ukikrosi hutaiona kwenye punje hiyohiyo uliyoikrosi kama mama hana, itaonekana kizazi kinachofuata. Rangi ya bluu iko kwenye aleuroni, inaonekana palepale. Na jeni kama NAM-B1 inayofanya kazi kwenye jani inategemea mmea mama wote, kwa hiyo kupima protini punje moja moja ndani ya suke moja ukidhani unatenganisha wenye jeni na wasio nayo ni kupoteza muda, zote zimelishwa na mama mmoja. Sifa za wanga ziko kwenye endospamu kwa hiyo hizo unaweza kabisa kupima kwa nusu punje, ile nusu yenye kiini ukaipanda.

Kupima, na hapa ndo watu wanadanganyika

Kosa namba moja ni kuangalia miligramu kwa kilo peke yake. Tuseme mstari wa kwanza una zinki 30 kwa kilo na punje elfu moja zina uzito wa gramu 45. Mstari wa pili zinki 40, punje elfu zina gramu 30. Kila mtu atachagua wa pili. Piga hesabu kwa punje moja: wa kwanza ni mikrogramu 1.35, wa pili ni 1.2. Yaani wa pili amehamisha zinki kidogo zaidi, ila punje imesinyaa, wanga umepungua, na namba imepanda. Ukame, magonjwa ya majani, kuvuna mapema, vyote vinakupa punje iliyosinyaa yenye lishe "nyingi". Gpc-B1 yenyewe kwa kuwa inakausha majani mapema kuna mazingira inapunguza ukubwa wa punje, kwa hiyo ukiripoti kwamba imeongeza protini bila kuonyesha uzito wa punje elfu na mavuno msomaji makini ana haki ya kutokukuamini.

Na upande wa pili ni hivohivo. Kule kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted Uingereza kuna jaribio la shamba la Broadbalk lililoanza 1843 na punje za miaka yote zimehifadhiwa, walipozipima waliona zinki na chuma zilikaa palepale mpaka miaka ya 1960 alafu zikaanza kushuka zilipoingia ngano fupi, wakati udongo wenyewe haukupungukiwa. Zile jeni za ufupi, Rht, zilizotoka kwenye ngano ya Norin 10 ya Japani na kusambazwa na kazi ya mzalishaji wa ngano Norman Borlaug, ziliongeza wanga kwenye punje kuliko madini. Sio kwamba Borlaug alikosea, watu walikuwa na njaa, ila ndo deni tunalolipa sasa. Kwa protini kuna njia nzuri ya kukwepa huu mtego: chora mavuno dhidi ya protini kwa mistari yako yote, mstari wa wastani utashuka, alafu chagua wale walioko juu ya huo mstari, wenye protini kuliko unavyotegemea kwa mavuno yao. Hao ndo wa kukrosi.

Mambo madogo ya maabara. Protini ya ngano inatokana na naitrojeni mara 5.7, maabara nyingine wanazidisha kwa 6.25 kama vyakula vingine na hapo unapata karibu asilimia 10 ya bure, uliza. Mashine ya eksirei ya XRF inapima zinki na chuma kwa punje nzima bila kuziharibu, inatosha kabisa kuchuja mistari mingi, wale wachache wa mwisho ndo unawapeleka ICP, kipimo cha madini cha uhakika zaidi. Ukiwa ICP omba wapime na alumini, sio kwa sababu ya lishe, ni kwa sababu alumini inakuambia kama sampuli ina vumbi la udongo. Alumini ikipita kama miligramu 5 kwa kilo, chuma yako inawezekana imetoka chini na sio kwenye mmea, tupa hiyo namba. Na usipure punje kwenye kifaa cha bati lililopakwa zinki au chenye raba, utapima kifaa.

Shambani hakikisha udongo una zinki ya kutosha na iliyosambaa sawa, manake udongo maskini kama ule wa Anatolia ya kati kule Uturuki hauna cha kumpa hata mmea wenye jeni nzuri, ndo maana kule walifika mbali zaidi kwa kuweka mbolea ya zinki. Panda mbegu ya kulinganishia kila baada ya vipande vichache, sio mara moja tu pembeni.

Zinki iliyopo na zinki inayoingia mwilini

Kwenye aleuroni hiyohiyo kuna asidi ya fitiki, inayoshika zinki na chuma zisinyonywe tumboni. Kuna hesabu rahisi ambayo naona kila mtu angeiweka kwenye jedwali lake. Gawanya fitati (ndo hiyo asidi ya fitiki) kwa 660, zinki kwa 65.4, zote zikiwa kwa miligramu, alafu jibu la kwanza kwa la pili. Ngano yenye fitati gramu 8 kwa kilo na zinki miligramu 25 uwiano wake ni karibu 32. Ukipandisha zinki mpaka 37 unashuka kwenye 21. Kikomo kinachotumika ni 15, juu ya hapo unyonyaji ni mdogo. Kwa hiyo kufikia 37 ni hatua nzuri sana lakini bado hujamaliza, na kama ukipandisha zinki na fitati ikapanda nayo, uwiano unabaki ulipo. Pima vyote viwili. Kuna mbegu zenye jeni za fitati ndogo, ila nyingi mavuno yake yanayumba na uotaji nao, mimi nisingeanza nazo.

Kwa chuma kwenye unga mweupe kukrosi kwa kawaida hakujafika mbali, tuseme ukweli. Kilichofanya kazi ni uhamishaji wa jeni: 2017 John Innes Centre waliiongezea nguvu jeni ya ngano yenyewe inayoitwa TaVIT2 ndani ya endospamu tu, inaingiza chuma kwenye vakuoli, yaani kifuko cha kuhifadhia ndani ya seli, na chuma kwenye unga mweupe ikazidi mara mbili bila fitati kupanda. Wengine wametumia jeni ya mpunga ya NAS2 inayotengeneza nikotianamini, kitu kinachobeba chuma na zinki ndani ya mmea. Hizi ni mbegu za GMO kwa hiyo kabla hujaanza soma sheria ya nchi unayofanyia kazi, sio baada.

Wanga, na ile hesabu ya kuzima tatu

Wanga wa ngano una amilosi karibu robo, inayobaki ni amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi wanga unakuwa mgumu kumeng'enywa, unafika utumbo mpana ukifanya kazi kama nyuzinyuzi, na sukari kwenye damu haipandi kwa kasi. Jeni ya kuzima ni SBEIIa, inayotengeneza kimeng'enya cha kuweka matawi kwenye wanga. CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walionyesha 2006 kwamba ukibana SBEIIa na SBEIIb pamoja amilosi inapita asilimia 70, baadae ikawezekana kwa mabadiliko ya kawaida bila GMO.

Hesabu sasa. Una mmea wenye nakala ya A iliyovunjika, mwingine B, mwingine D. Unakrosi A na B, mtoto wao unamkrosi na D, kati ya watoto unachagua kwa alama za DNA yule aliyebeba zote tatu, ambaye ni mmoja kati ya wanne. Huyo akijichavusha, mtoto aliyezimwa kote ni 1 kati ya 64. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata hata mmoja unahitaji mimea karibu 190. Watu wanapanda 64 wanashangaa hawajapata kitu. Kama nafasi ni ndogo usimtafute moja kwa moja, chukua yule aliyezimwa nakala mbili na ya tatu ameibeba upande mmoja, mwache ajichavushe tena, kizazi kinachofuata ni 1 kati ya 4. Au anza na durum, ni 1 kati ya 16, mimea chini ya 50 inatosha. Na ujiandae, wanga ukibadilika hivo punje inakuwa nyepesi, mavuno yanashuka kidogo na unga unakunywa maji mengi kuliko kawaida, waoka mikate watakulalamikia.

Gluteni nitaipita haraka. Ukitaka nguvu ya unga angalia jeni za gluteni za Glu-D1, aleli (yaani toleo) ya 5+10. Ukitaka kupunguza sehemu zinazowasha wenye ugonjwa wa siliaki, yaani wale ambao gluteni inawaumiza utumbo, shida ni gliadini za alfa, aina ya protini za gluteni, jeni kibao kwenye kromosomu za kundi la 6. Wahispania walitumia CRISPR 2018 wakavunja mpaka 35 kati ya 45 kwenye mmea mmoja na mwitikio wa kinga ukashuka kwa asilimia 85. Kazi kubwa, ila asilimia 15 iliyobaki inatosha kumuumiza mgonjwa, kwa hiyo mtu akikuuzia ngano ya gluteni ndogo kama dawa ya siliaki mkatalie. Pia protini ikipanda kwa mbolea au kwa jeni, gliadini ndo zinapanda zaidi na lisini, asidi amino ambayo ndo pungufu kuliko zote kwenye ngano, asilimia yake ndani ya protini inashuka. Protini nyingi na protini bora ni vitu viwili.

Na kuna lishe ya kupunguza sumu: asparajini, asidi amino iliyopo kwenye punje, ikiokwa inageuka akrilamidi. Jeni ni TaASN2, Rothamsted waliizima kwa CRISPR na wakaipeleka shambani kuanzia 2021. Kuna ngano ambazo nakala ya B ya hiyo jeni hazina tangu kuzaliwa, angalia mbegu zako kwanza. Udongo usipokuwa na salfa ya kutosha asparajini inapanda sana bila kujali jeni, kwa hiyo jaribio lolote la asparajini bila salfa iliyosawazishwa usilifanye.

Hatua ya mwisho kabla ya kutangaza chochote: saga. Saga mistari yako bora pamoja na ndugu zao wasio na jeni, waliotoka kwenye krosi ileile, kiwango kilekile cha kutoa unga, alafu pima unga mweupe na pumba kila kimoja peke yake, kwa punje za angalau sehemu tatu na misimu miwili. Wale ndugu wasio na jeni watu wengi wanawatupa kizazi cha tatu kuokoa nafasi kwenye friji. Usiwatupe, bila wao huwezi kujua kama tofauti imeletwa na jeni au imeletwa na kipande kingine cha kromosomu kilichokuja nayo.